Lori lisimame wapi? Kulinganisha njia za kutafuta mkao mbaya wa mzigo kwenye modeli ya daraja

Chukua daraja rahisi kabisa: boriti moja isiyokatika inayopita juu ya nguzo ya katikati, spani mbili za mita 20 kila moja. Unatafuta momenti, yaani nguvu ya kuipinda boriti, juu ya nguzo hiyo. Mzigo wako ni HB, gari la mfano la mizigo mizito katika viwango vya Uingereza vya kabla ya Eurocode, uniti 45: ekseli nne, kila ekseli kilonyutoni 450, zimepangwa jozi mbili, na ndani ya kila jozi ekseli zimeachana mita 1.8. Nafasi kati ya jozi ya mbele na ya nyuma unachagua mwenyewe: mita 6, 11, 16, 21 au 26.

Wengi huanza na 6, kwa sababu ndiyo inayobana mzigo pamoja, na kwenye boriti ya spani moja ndiyo inayotawala. Gari hilo fupi ukiliweka lipande nguzo, jozi moja huku na nyingine kule, unapata karibu 2,506 kNm. Ukilisogeza lote liingie spani moja, momenti inapanda hadi karibu 2,858. Hapo mtu anaridhika, maana amejaribu mikao miwili na ameona ule wa pili umezidi. Lakini endelea. Nafasi ya mita 11 inatoa 3,253. Mita 16 inatoa 3,426. Mita 21 inarudi hadi 3,131, na mita 26 inaanguka hadi 2,473.

Aliyeishia kwenye 2,858 amekosa karibu sehemu moja kwa sita ya momenti, na nondo za juu ya nguzo zitawekwa pungufu kwa kiasi hichohicho. Hakukosea kuzidisha wala kujumlisha. Amekosea mahali pa kusimamisha gari.

Hii ndiyo kazi tunayoikabidhi programu tunaposema itafute mkao mbaya wa mzigo: magari yako yasimame wapi, yawe mangapi, yaachane kiasi gani, na ni sehemu ipi ya barabara iachwe tupu, ili tokeo fulani, kama momenti, kwenye sehemu fulani ya daraja lifike kilele. Njia za kuifanya ziko kadhaa, na nimezitumia zote kwa nyakati tofauti. Hapa naziweka ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mhandisi au ofisi inayojiuliza ishike ipi.

Mkono na Excel

Watu wanaidharau njia hii, mimi siidharau. Hesabu niliyoanza nayo ni ya Excel tupu. Kwa spani mbili zilizo sawa, mzigo P ulio umbali x kutoka egemeo la mwisho unaleta juu ya nguzo ya katikati momenti ya Px(L² − x²)/4L². Weka fomula hiyo kwenye safu moja, weka ekseli nne, sogeza gari kwa sentimita 10, shusha chini. Nusu saa imetosha.

Faida yake kubwa ni kwamba unaona sababu. Ukichora fomula hiyo unapata vilima viwili, kimoja kila spani, na kilele cha kila kimoja kiko mita 11.55 kutoka egemeo la mwisho. Kutoka kilele hadi kilele ni mita 16.9. Gari lenye nafasi ya mita 16 lina mita 17.8 kutoka katikati ya jozi hadi katikati ya jozi, kwa hiyo kila jozi inakaa karibu kabisa na kilele chake. Ukishaona hivyo, huhitaji tena kuambiwa kwa nini nafasi ya 6 ilishindwa.

Mchoro huo ndio wahandisi wanauita mstari wa athari. Wazo ni la karne ya 19, la Emil Winkler na wenzake wa Ujerumani na Austria, na mwaka 1886 Heinrich Müller-Breslau akaonyesha njia ya mkato ya kuupata: vunja uwezo wa boriti kubeba nguvu unayoitafuta, isukume kiasi kimoja mahali hapo, na umbo inalochukua boriti ndilo mstari wenyewe. Hadi leo naufundisha kwa kalamu na karatasi kabla sijamruhusu mtu kugusa programu.

Kasoro yake pia ni wazi. Mstari ni wa boriti moja. Daraja la kweli lina upana, lina boriti tano au sita zilizounganishwa na slabu, pengine limekaa mshazari, na gari likisogea mita moja kuelekea ukingoni, boriti ya pembeni inapokea mzigo tofauti kabisa. Hapo Excel inaishiwa pumzi, labda uwe tayari kukadiria mgawanyo wa mzigo kwa mkono, na makadirio hayo ndipo makosa yanapojificha.

Kuliendesha gari hatua kwa hatua

Njia ya pili ni kuiambia programu: chukua gari hili, lianzie huku, lisogee nusu mita kila mara, litokee kule. Kila hatua ni kesi yake ya mzigo. Mwisho unachukua thamani kubwa na ndogo ya kila tokeo.

Karibu kila programu ya miundo inaweza, hata zisizo za madaraja. Kwa asiye na fedha za leseni ipo ospgrillage, maktaba ya Python iliyotoka Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Ni ya bure, inajenga modeli ya grileji (wavu wa boriti zinazokatizana) juu ya OpenSees, programu ya kuhesabu miundo, na inapitisha magari juu yake. Ofisi changa au mwanafunzi wa uzamili anapata hapo chombo cha kweli, ilimradi aweze kuandika mistari michache ya Python.

Uzuri wa njia hii ni uaminifu wake. Hakuna kilichofichwa. Kesi namba 57 ukiifungua, gari liko pale pale unapolitarajia.

Ubaya wake ni mawili. La kwanza ni wingi. Daraja la mita 40, hatua ya nusu mita, gari la HB kwa nafasi zake zote tano, mistari saba ya kupitia kutoka ukingo hadi ukingo: umevuka kesi 4,000, na bado hujaweka mzigo wa magari ya kawaida kwenye njia za magari zilizobaki. Kompyuta ya leo itazimaliza. Wewe utakayezisoma ndiye utakayechoka.

La pili ndilo linalonitia hofu, nalo ni ukubwa wa hatua. Miaka iliyopita nilipewa nikague modeli ya kalavati katika ofisi moja niliyofanyia kazi. Slabu ilikuwa ya mita 3, imelazwa juu ya kuta mbili. Aliyeijenga alikuwa kijana makini. Alichukua faili la daraja la mita 20 lililokwisha kukaguliwa na kupitishwa, akabadilisha vipimo, akaacha hatua ya gari kama ilivyokuwa: mita 2.

Sasa tazama hatua hiyohiyo inafanya nini kwenye miundo hii miwili. Chukua jozi ya ekseli ya Eurocode, viwango vya Ulaya, kwenye njia ya kwanza ya magari, kilonyutoni 300 kila ekseli, zimeachana mita 1.2. Kwenye spani ya mita 20, momenti ya katikati kwa mkao mbaya ni 2,820 kNm. Hatua za mita 2 zikiangukia vibaya kadiri inavyowezekana, unapata 2,700. Umekosa asilimia 4, na watu wengi hawatagundua. Kwenye slabu ya mita 3, jibu sahihi ni 270 kNm. Hatua zilezile zikiangukia vibaya, ekseli moja inakuwa sentimita 40 nje ya katikati na ya pili imeshatoka kabisa kwenye slabu. Unapata 165. Asilimia 39 ya momenti haipo, na hakuna onyo lolote jekundu kwenye skrini.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba hatua isizidi sehemu moja kwa ishirini ya spani fupi kuliko zote kwenye modeli, wala isizidi nusu ya umbali mdogo kabisa kati ya ekseli. Kisha naigawa kwa mbili na kurudia mara moja. Jibu likibadilika kwa zaidi ya asilimia moja, naigawa tena.

Nyuso za athari na programu inayotafuta yenyewe

Njia ya tatu inageuza swali. Badala ya kuuliza gari hili linaleta nini, inauliza kwanza: sehemu hii ya daraja inaguswa vipi na mzigo ulio popote? Programu inaweka mzigo wa uniti moja kwenye kila nodi (kiungo cha wavu wa modeli) ya sakafu ya daraja, inasoma tokeo unalolitaka, na kutokana na namba hizo inajenga uso wa athari, yaani ule mstari wetu wa vilima viwili ukiwa umetandazwa kwa upana wote. Kisha inachukua kanuni za kiwango, idadi ya njia za magari, upana wake, mizigo yake, na kutafuta mpangilio unaokalia vilima na kuepuka mabonde.

Kuna matawi mawili ndani yake. Moja ni hilo la kuhamisha mzigo nodi kwa nodi. Gharama yake inategemea ukubwa wa wavu wa modeli, na ukishalipa unapata nyuso za sehemu nyingi kwa pamoja. La pili ni la Müller-Breslau: kuvunja na kusukuma, hesabu moja kwa kila sehemu unayoitaka. Kwa boriti na grileji linafanya kazi vizuri. Kwa modeli ya bamba, ambako kuvunja kwenye mstari mmoja wa elementi (vipande vidogo vya modeli) kuna utata wake, mimi nachukua la kwanza bila kusita.

Ukilinganisha na kuendesha gari hatua kwa hatua, tofauti kubwa iko kwenye mzigo uliotandazwa. Gari lina umbo lake. Mzigo wa magari ya kawaida hauna. Unaweza kuwepo spani hii usiwepo ile, ukae kwenye njia ya kwanza na ya tatu ukaruka ya pili. Kuubuni kwa mkono kwenye daraja la spani tano ni kazi ya siku nzima, na kwa uso wa athari ni kusoma tu: penye chanya jaza, penye hasi acha.

Hapo inabidi useme unatumia kiwango gani, kwa sababu ugumu wa kutafuta si uleule. Kwenye Eurocode, mfumo wa kwanza wa mizigo una njia za mita 3, jozi za ekseli za 300, 200 na 100 kN kwa ekseli, na mzigo wa kutandazwa wa 9 kN kwa mita ya mraba kwenye njia ya kwanza na 2.5 kwingineko. Namba hizo hazibadiliki kwa urefu unaopakiwa. Kazi ya programu ni kuchagua njia ipi iitwe ya kwanza na ile sehemu inayobaki ikae wapi. Barabara ya mita 7 ina njia mbili na mita moja ya ziada, na mita hiyo inaweza kuwa kushoto, kulia au katikati. Mikao michache, lakini inabadilika kwa kila boriti unayoitazama.

Kwenye HA, mzigo wa magari ya kawaida katika viwango vilevile vya zamani vya Uingereza, mambo ni mazito zaidi, kwa sababu ukali wa mzigo unapungua kadiri urefu unaopakiwa unavyoongezeka. Kwa mita 20 ni kama 45 kN kwa mita ya njia, kwa mita 40 ni kama 28. Kwa daraja letu la spani mbili, kujaza spani moja kunaleta karibu 1,130 kNm juu ya nguzo, na kujaza zote mbili kwa mzigo mwepesi kunaleta karibu 1,420, kwa hiyo kujaza zote kunashinda. Spani zikiwa hazilingani, mojawapo fupi sana, huwezi kukisia. Programu inayojaza kila penye chanya bila kujaribu urefu mfupi zaidi inaweza kukudanganya kwa upande hatari. Kabla ya kuinunua, iulize inafanyaje hapo.

Njia hii nayo ina mpaka usiovukika: inafanya kazi pale tu ambapo mzigo ukiongezeka maradufu na tokeo linaongezeka maradufu, na ambapo matokeo ya mizigo miwili yanajumlishika. Beringi (kitako kinachobeba boriti) inayoweza kuinuka, nguzo iliyokaa kwenye udongo unaolegea, nyaya zinazolegea: vyote hivyo vinavunja sharti hilo. Kwa daraja la namna hiyo ninatafuta mikao mibaya kwa modeli ya kawaida, naigandisha mikao hiyo kama kesi za kudumu, halafu naipitisha kwenye hesabu isiyotegemea sharti hilo nikisogeza gari kidogo mbele na nyuma.

Programu tatu za kulipia, na tofauti zake mkononi

LUSAS ya Uingereza, midas Civil ya Korea Kusini na CSiBridge ya Marekani zote zinafanya kazi hii kwa nyuso au mistari ya athari. Sizungumzii bei, kwa sababu inategemea nchi, mwaka na wakala. Nazungumzia jinsi zinavyokufanya ufikiri.

LUSAS inakutaka uchague kwanza: unataka athari ya nini, kwenye sehemu gani. Unachora kingo za barabara, unachagua kiwango, na kifaa chake cha kutafuta mkao kinakurudishia mipangilio ya mizigo kama kesi zinazoonekana. Ukifungua kesi unaona magari yamechorwa juu ya sakafu. Kwa mtu anayejua maeneo sita au kumi yanayotawala daraja lake, huo ni utaratibu mzuri sana: kesi chache, kila moja ina jina na sababu. Hatari yake ni sehemu uliyosahau kuichagua, maana haina mkao wake, na hakuna atakayekukumbusha.

midas Civil inaanza upande mwingine. Unaweka njia, ama mstari unaofuata elementi za boriti kwa umbali fulani pembeni, ama njia juu ya uso wa bamba, unaweka magari, unaendesha, na kila elementi inapata kilele chake bila wewe kuitaja. Huwezi kusahau sehemu. Unachoweza kusahau ni kutazama, kwa sababu unapokea michoro ya vilele iliyojaa namba na hakuna gari hata moja mbele ya macho. Kwa bahati nzuri kuna kifaa cha kufuatilia nyuma: unachagua elementi na tokeo, kinakuonyesha gari lilisimama wapi, na unaweza kuugeuza mkao huo kuwa mzigo wa kawaida wa kudumu. Ninawashauri wote wanaotumia midas wakizoee kifaa hicho kuliko kitufe kingine chochote.

CSiBridge nayo inatoa vilele kwa kila sehemu, na inatenganisha waziwazi hesabu ya mizigo inayosogea, inayotumia athari, na hesabu ya hatua kwa hatua. Magari yake yanaweza kupewa ekseli zenye umbali unaobadilika kati ya kima cha chini na cha juu, jambo ambalo kwa HB ni faraja kubwa. Lakini njia zake zinakatwa vipande, kwa urefu na kwa upana, na wewe ndiye unayeamua ukubwa wa vipande. Yale niliyosema juu ya kalavati la mita 3 yanahusu hapa pia, neno kwa neno. Kuhesabu kwa nyuso za athari hakukuepushi na swali la hatua. Kunalihamishia tu kwenye wavu.

Jambo moja linazigusa zote tatu na limeshawahi kugharimu watu zege na chuma kingi bila sababu. Mchoro wa vilele unaonyesha momenti kubwa kuliko zote na shia (nguvu ya kukata) kubwa kuliko zote kwenye sehemu moja, lakini hizo hazikutokea kwa lori lilelile. Ukizichukua pamoja na kukagua sehemu hiyo kwa momenti na shia kwa wakati mmoja, umesanifu kwa ajili ya malori mawili yaliyosimama mahali pamoja. Kwenye boriti ya zege unapoteza nondo kiasi. Kwenye nguzo yenye mzigo wa wima na momenti mbili, unaweza hata kuwa upande hatari, kwa sababu mzigo wa wima mkubwa wakati mwingine unaisaidia nguzo, na mkao mbaya ni ule wenye mzigo mdogo na momenti kubwa. midas na CSiBridge zina chaguo la kutoa matokeo yanayotokea pamoja, na kwa LUSAS kesi yenyewe ni mkao mmoja, kwa hiyo kila kilichomo kimetokea pamoja. Chaguo hilo usiliache limezimwa kwa ajili ya kuokoa muda wa hesabu.

Ninavyochagua

Kwa kalavati na madaraja ya spani moja yaliyonyooka, sinunui chochote. Excel na hatua ndogo zinatosha, na anayezifanya anajifunza.

Kwa grileji ya spani mbili hadi nne, kazi ya kila siku ya ofisi nyingi za Tanzania na Kenya, nataka nyuso za athari. Nikiwa na wahandisi wachanga watatu na daraja moja kwa wakati, ningechukua utaratibu wa LUSAS, kwa sababu unamlazimisha mtu aseme anatafuta nini kabla ya kukipata. Nikiwa na mkondo wa madaraja yanayofanana na ratiba inayobana, ningechukua midas au CSiBridge, kwa sharti kwamba kwa kila daraja tunafuatilia nyuma angalau mikao mitano na kuichapisha ndani ya ripoti: boriti ya pembeni, boriti ya katikati, juu ya nguzo, shia kwenye egemeo, na nguvu ndogo kabisa kwenye beringi. Picha tano za malori juu ya sakafu. Mkaguzi anayezitazama dakika kumi atagundua makosa ambayo kurasa mia mbili za majedwali zingeyafunika: njia iliyovuka ukingo ikaingia kwa waenda kwa miguu, gari linalotazama upande mmoja tu, njia ya pili iliyoachwa tupu.

Na kila mara, programu yoyote ile, naanza kwa kuijaribu na daraja lile la spani mbili za mita 20. Boriti moja, HB ya uniti 45, nafasi zote tano. Isipotoa 3,426 kNm kwa nafasi ya mita 16, ikipungua au ikizidi kwa zaidi ya asilimia moja, kuna kitu sijakiweka sawa, na sigusi modeli kubwa mpaka nikipate.

Imebaki kazi moja ambayo haifuati mpangilio huo, nayo ni mzigo usio wa kawaida: transfoma inayotoka bandarini Dar es Salaam au Mombasa kwenda kituo cha umeme bara, kwenye trela yenye ekseli kumi na kitu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa malori ya kawaida ya ekseli saba, na mzigo kama huo unavuka hapo mbali, hivyo unahitaji kibali na mara nyingi ukaguzi wa kila daraja njiani. Hapa gari linajulikana. Ekseli zake zimepimwa, umbali wake umeandikwa kwenye karatasi ya msafirishaji, na mara nyingi litapita peke yake, taratibu, kwenye mstari uliopangwa. Hakuna cha kutafuta kuhusu nafasi kati ya ekseli wala idadi ya magari. Kuendesha gari hatua kwa hatua, hatua ya sentimita 25, ndiyo njia bora: ni nyepesi, inasomeka, na inakupa kitu ambacho vilele havikupi, yaani mwendo mzima wa momenti na shia kadiri trela inavyoingia na kutoka.

Kazi hiyo naifanya kwa mistari mitatu. Mmoja katikati ya barabara, kama msafirishaji alivyoahidi. Wa pili nusu mita kushoto na wa tatu nusu mita kulia, kwa sababu dereva wa trela ya namna hiyo, usiku, akiongozwa kwa tochi, hawezi kushika mstari kwa sentimita. Daraja likishindwa kwenye mistari ya pembeni tu, naandika kwenye kibali kwamba mstari wa katikati uchorwe kwa rangi juu ya lami kabla ya safari, na mhandisi awe pale darajani trela ikipita.